Taa ya Leza na Darubini ya Bunduki: Somo kwa Mwenye Cheti

Baadhi ya wasomaji wetu, hasa wenye mashamba makubwa ya mifugo, wana bunduki yenye darubini kwa idhini ya Serikali. Siku hizi huuzwa kitaa kidogo cha leza cha kutia katika mtutu ili kurekebisha darubini hiyo. Wapo wanaodhani kwamba msalaba wa darubini ukishakaa juu ya doa jekundu la kitaa, kazi imekwisha. Sivyo. Kitaa ni msaidizi wa kuianza kazi, si wa kuimaliza.

Jambo hili si dogo. Risasi ikikosa shabaha haipotei hewani. Risasi ya bunduki kubwa yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na huko mbele kuna boma la jirani, ng'ombe wake na watoto wake.

MWANGA NA RISASI

Mwanga huenda moja kwa moja; risasi haiendi hivyo. Shika mpira wa kumwagilia miche, uulaze sawasawa na ardhi. Maji hutoka yamenyooka, kisha huinama na kuanguka. Risasi nayo huanza kuanguka mara itokapo mtutuni, ila mwendo wake ni mkubwa na jicho halioni.

Tufanye hesabu. Risasi itokayo kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde hufika mita 100 kwa muda wa sekunde 0.13 hivi. Kwa muda huo huwa imeanguka karibu sentimita 8 chini ya mstari wa mtutu. Kwa mita 25 huwa imeanguka nusu sentimita tu. Ndiyo sababu kitaa hutumiwa kwa umbali mfupi.

Tena, kitaa chenyewe chaweza kukaa upande. Kosa la sentimita 2 kwa mita 25 huwa sentimita 8 kwa mita 100. Ni kama mistari miwili ya mahindi inayoachana kidogo mwanzo wa shamba, na ikifika mwisho mkokoteni wapita katikati.

KAZI YENYEWE

1. Toa risasi zote uziweke mbali. Fungua komeo, tazama chumba cha risasi kwa jicho, kisha kiguse kwa kidole.

2. Kaza misumari ya darubini. Darubini inayolegea hairekebishiki.

3. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga isitikisike. Weka karatasi nyeupe mbele yake, mita 25. Fanya kazi hii asubuhi mapema au jioni, kwa maana jua kali hufuta doa.

4. Tia kitaa. Kipo cha kuingia katika chumba cha risasi, na kipo cha kuchomeka kwenye mdomo wa mtutu. Usiutazame mwanga wake, wala usimwelekeze mtu; huharibu macho.

5. Zungusha kitaa polepole mahali pake. Doa likichora duara, kitaa hakikukaa sawa. Alama yako ni katikati ya duara.

6. Zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba ukae juu ya alama. Bunduki isisogee.

7. TOA KITAA. Kisha chungulia mtutu toka nyuma, uone mwanga upande wa pili. Risasi ikikutana na kitaa ndani, mtutu huweza kupasuka na kumuua mpigaji.

Mwenye bunduki ya komeo anaweza kuweka akiba fedha zake. Achomoe komeo, achungulie ndani ya mtutu mpaka aone alama katikati, kisha alete msalaba juu ya alama ile ile. Hivyo ndivyo watu walivyofanya kabla ya leza.

KUMALIZIA KWA RISASI

Sasa nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma yake. Usifanye hivi shambani. Piga risasi 3 kwa mita 25 ukilenga mahali pamoja, kisha upime kutoka katikati ya matundu hayo matatu hadi pale ulipolenga. Usifuate tundu moja.

Katika darubini nyingi, mlio mmoja wa kifundo husogeza shabaha milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni robo yake, yaani milimita 1.8 hivi. Matundu yakiwa sentimita 2 chini, gawanya milimita 20 kwa 1.8: zungusha milio 11 kuelekea juu. Kisha rudia kwa mita 100, na hapo ndipo utakapomaliza. Tumia aina ile ile ya risasi siku zote. Risasi ya uzito mwingine huanguka mahali pengine.

Kumbuka pia kwamba katika Kenya kuwinda kumekatazwa tangu 1977. Cheti cha bunduki si ruhusa ya kuwinda.

MASWALI

1. Kwa nini doa la leza na tundu la risasi haviwi mahali pamoja kwa mita 100?
2. Matundu yakiwa sentimita 7 kushoto kwa mita 100, utazungusha milio mingapi, na kuelekea wapi?
3. Ni jambo gani la lazima kabla ya kutia risasi ya kwanza?

Ukishindwa kujibu swali la tatu, iache bunduki kabatini ulisome somo hili tena.