Kiswahili Katika Rege ya Wyre: Funzo la Anwani Mbili

Utangulizi
Karatina ni mji wa soko katika Kaunti ya Nyeri, penye wazungumzaji wengi wa Gikuyu. Mkulima anapokutana na mnunuzi mgeni, Kiswahili huwa daraja. Kwa vijana wa mji huo, hata hivyo, Kiswahili hufika pia kupitia muziki wa matatu, ukiwemo rege na dancehall. Je, nyimbo hizo zinastahili kuingia darasani? Makala haya yanajibu swali hilo kwa kumrejelea mwimbaji Mkenya, Wyre.

Maisha na kazi
Wyre, yaani Kevin Waire, alivuma jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika kundi la Necessary Noize, akiwa na Nazizi na Bamzigi. Bamzigi alipojitoa, wawili waliosalia waliendelea pamoja. Baadaye waliungana na Bebe Cool wa Uganda, wakaunda East African Bashment Crew. Wyre vilevile alitoa nyimbo zake mwenyewe, na akashirikiana na Alaine, mwimbaji wa Jamaika, katika wimbo "Nakupenda Pia".

Uchanganuzi
Anwani mbili zinatosha kuonyesha utajiri uliopo. "Chuki" ni nomino dhahania inayohusiana na kitenzi chukia. Haimtaji anayechukia wala anayechukiwa. Hisia imesimama peke yake. "Nakupenda Pia", kinyume chake, ni sentensi kamili. Kipande na- kinabeba nafsi ya msemaji na wakati, ku- kinamtaja mpendwa, -pend- ni mzizi na -a ni kiishio. Neno pia ndilo lenye uzito zaidi: linadokeza kwamba mwingine ametangulia kusema. Hivyo anwani hii ni jibu, na nyuma yake kuna sauti ya pili isiyoandikwa.

Hitimisho
Wapo wanaodai kwamba nyimbo hizi huharibu lugha kwa kuchanganya Kiswahili, Sheng, Kiingereza na patwa ya Jamaika. Hoja hiyo ina mashiko iwapo mwanafunzi ataiga bila kupambanua. Dawa, basi, si kuufukuza wimbo darasani, bali kumfundisha kupambanua. Mwalimu wa Karatina anaweza kuanza na anwani hizi mbili, kisha awatume wanafunzi wakusanye nyingine na kuzichanganua vivyo hivyo. Lugha iliyosafiri kutoka Nairobi ikatua kinywani mwa Mjamaika haifai kudharauliwa nyumbani kwake.