Jua Haki Zako: Mbegu za Kugawana Kabla ya Vuli

Mwezi wa Septemba, mashamba ya Mbololo yakiwa yamekwisha kufyekwa na udongo ungali mkavu, mbegu huanza kutembea. Kibuyu hushushwa kutoka juu ya meko, chupa ya plastiki hutolewa uvunguni, majivu yanapepetwa, na mtoto anatumwa kwa jirani na kikombe cha kunde ili arudi na cha pojo. Huku chini ya kilima cha Mbololo vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Ikianza na wewe bado unatafuta mbegu, umechelewa.

Lakini siku hizi mazungumzo ya mbegu yana woga ndani yake. Binti anamwendea shangazi yake: "Shangazi, zile kunde zako nyekundu zimebaki?" Anajibiwa kwa sauti ya chini: "Zipo, mwanangu, ila usizitaje sokoni. Nasikia mtu anashikwa kwa mbegu."

Shangazi hakuokota maneno hayo hewani. Kwa zaidi ya miaka kumi sheria ya Kenya ilimpa sababu ya kuogopa. Sasa mambo yamebadilika, na kila mkulima anayeweka mbegu nyumbani anapaswa kujua yamebadilika kwa kiasi gani.

Jibu kwa ufupi

Kumpa jirani, ndugu au mwanachama mwenzako mbegu ulizovuna mwenyewe si kosa, wala kubadilishana naye si kosa. Kosa linaanzia kwenye udanganyifu au magendo: kumuuzia mtu nafaka ya kula ukimwambia ni mbegu iliyothibitishwa, kutia mbegu zako kwenye pakiti ya kampuni, au kupitisha mbegu mpakani bila kibali. Ukiuweka mstari huo akilini, sehemu kubwa ya haki yako umekwisha kuielewa.

Sheria ilisema nini, na mahakama ikasema nini

Sheria yenyewe ni ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, iliyotungwa mwaka 1972 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2012. Ilikataza kuuza na kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Sheria hiyo haikumtenganisha mfanyabiashara anayeuza tani za mbegu mbovu na bibi anayempa jirani vikombe viwili vya mtama.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15, wakisaidiwa na mashirika ya kutetea mbegu za wakulima, waliipinga kortini. Tarehe 27 Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos alitoa hukumu kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kuhifadhi na kugawana mbegu vinakwenda kinyume na Katiba. Vilivyoanguka ni pamoja na vile vilivyowapa wakaguzi uwezo wa kuvamia hazina za mbegu za jamii na kuzibeba.

Msingi wa haki hii uko kwenye Katiba ya 2010 yenyewe. Kifungu cha 11 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Hata nje ya nchi haki hii inatambulika: mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea ya chakula wa mwaka 2001, ambao Kenya imeuridhia, unataja haki za wakulima, na Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima wadogo linataja haki ya mbegu katika kifungu cha 19.

Tahadhari moja. Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kukatiwa rufaa, na Mahakama ya Rufaa inaweza kuibadilisha au kuisimamisha kwa muda. Kwa hiyo chama kinachopanga maonyesho makubwa ya mbegu kimwulize kwanza wakili au karani wa korti kama hukumu ingali inasimama. 

Mbegu tatu, haki tatu

Ukifungua vyombo vyako utakuta mbegu za aina tatu, na haki yako haiko sawa kwa zote.

Ya kwanza ni mbegu ya kienyeji: kunde, mbaazi, mtama, mnavu, mchicha, maboga, na mahindi yaliyopandwa na wazee miaka mingi. Hapa haki yako ina nguvu kuliko kwingine kote. Hifadhi, panda, gawa, badilisha. Kama unauza kidogo kidogo, sema ukweli: "Hii ni mbegu yangu ya nyumbani, msimu wa masika, nimeijaribu inaota."

Ya pili ni mbegu ya pakiti kutoka agroveti. Mahindi chotara kama DH04 au PH4 hayafai kurudiwa, kwa sababu ya maumbile yake: watoto hawafanani na wazazi, na mavuno hushuka. Ukimgawia mwenzako mahindi ya aina hiyo bila kumwambia, hata kama hukuvunja sheria, umempotezea msimu. Katumani si chotara. Ni mahindi ya kuchavushana yenyewe, na unaweza kuchagua magunzi mazuri ukarudia kupanda. Kumbuka pia kwamba Kenya ni mwanachama wa umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, tangu mwaka 1999, na baadhi ya aina zina mwenyewe kisheria. Kwa aina kama hizo, usifanye biashara ya kuuza mbegu kwa jina la kampuni au la aina hiyo bila ushauri wa wakili.

Ya tatu ni mbegu ya ng'ambo. Wengi wetu tuna jamaa Moshi au Himo, na akija kututembelea huja na maharagwe "ya kupanda". Nia ni njema, lakini mpaka wa Taveta na Holili si ua wa jirani. Mbegu, vipandikizi na miche inayoingia Kenya inahitaji kibali kutoka KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kibali kinaombwa kabla ya safari. Hukumu ya Machakos haikugusa jambo hili.

Kwa nini tahadhari ya magonjwa si kisingizio

Mkulima aliyechoshwa na sheria anaweza kudhani kila ukaguzi ni hila ya makampuni. Sivyo. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uitwao MLN ulionekana kwa mara ya kwanza nchini huko Bomet, ukasambaa, na mbegu ni mojawapo ya njia zake. Kwa mihogo hatari ni kubwa zaidi, maana tunapanda kijiti cha mmea wenyewe: kikiwa na batobato au michirizi ya kahawia, unampelekea mwenzako ugonjwa pamoja na mbegu.

Kwa hiyo haki ya kugawana inaenda na wajibu wa kuangalia. Kijiti cha mhogo kikatwe kwenye mmea ulioonekana mzima tangu ukiwa na majani, kisiokotwe shambani baada ya mavuno. Mbegu ya nafaka ichaguliwe kabla ya kuvuna, mmea ungali umesimama, ili uone mzazi wake. Kisha ijaribu: tandaza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, funga, weka kivulini, na baada ya wiki moja hesabu zilizochipua. Zikiota 85, mwambie mwenzako 85. Zikiota 40, zipeleke jikoni.

Kwa chama: usajili na daftari

Vyama vya akina mama na vya wakulima ndivyo vinavyofanya kazi hii kwa upana, na ndivyo vinavyoweza kuulizwa maswali. Jisajilini chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Katika katiba ya chama andikeni kwamba kuhifadhi na kubadilishana mbegu za kienyeji ni mojawapo ya shughuli zenu.

Halafu wekeni daftari. Kila mbegu inayoingia iandikwe jina lake, lile la kienyeji pia, shamba ilikotoka, msimu ilipovunwa, nani aliitoa, nani aliichukua, na ilivyoota. Daftari hilo ni ushahidi kwamba mnagawana kwa uwazi. Pia linasaidia mbegu ikiharibika, kwa kuwa mtajua ilianzia wapi na nani wa kuonywa. Mkitaka akiba ya mbali, hazina ya taifa ya mbegu iko Muguga chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo.

Mkaguzi au askari akija

Usikimbie, usigombane, na usifiche kitu. Fanya haya kwa utaratibu:

Mwombe kitambulisho cha kazi, uandike jina, namba na ofisi yake.

Mwulize anatumia kifungu gani cha sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda nyumba na mali yako dhidi ya upekuzi na unyang'anyi usio na msingi. Mtajie, kwa adabu, uamuzi wa Machakos wa Novemba 2025.

Akichukua mbegu, dai orodha iliyotiwa sahihi: aina gani, kiasi gani, tarehe gani. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya ofisi inapogusa haki zako. Piga picha ukiweza, na mwite jirani awe shahidi.

Ukikamatwa, kifungu cha 49 kinasema uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa. Unaweza kunyamaza, unaweza kumwita wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa. Na usitoe "kitu kidogo" ili mambo yaishe, maana hapo ndipo utakuwa umetenda kosa la kweli.

Mtafiti akija kuomba mbegu

Kuna upande mwingine wa haki hii ambao Mbololo ina sababu ya kuujali. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani mmea mdogo wa maua ya zambarau. Leo vizazi vya maua hayo viko madirishani Ulaya na Marekani, na wapenzi wa bustani hubadilishana majani na mbegu zake kama sisi tunavyobadilishana kunde. Ndugu yake mmoja, Saintpaulia teitensis, kwao ni kilima cha Mbololo.

Enzi zile hakuna aliyeuliza jamii. Leo kuuliza ni lazima. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inataka jamii ikubali kwanza, ikiwa na taarifa kamili, kabla maarifa yake hayajatumiwa. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki awe na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na makubaliano ya kugawana faida. Kwa hiyo mgeni akija na mifuko yake ya karatasi akitaka mtama wenu "kwa utafiti tu", mwombeni kibali, mwiteni kwenye kikao cha chama, na muandikiane. Mmea wa msituni nao si mbegu ya nyumbani: msimchimbie mgeni, na wala msichimbe wenyewe, bila ruhusa ya Huduma ya Misitu, KFS.

Ukiuziwa mbegu bandia

Haki inakulinda pia ukiwa mnunuzi. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina stika ya KEPHIS yenye namba ya siri. Ikwangue ungali dukani na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, utajibiwa kama ni halali. Weka risiti na pakiti tupu mpaka mavuno. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya fidia kwa hasara, na dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kusikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo bila kumlipa wakili.

Pa kwenda

Anza na afisa wa kilimo wa wadi, kwani kilimo ni kazi ya serikali ya kaunti. Ukihangaishwa na polisi, chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na upeleke malalamiko IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi. Ofisi ya umma ikikataa kukupa sababu kwa maandishi, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo. Ukishtakiwa na huna pesa, omba Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama za Voi ziko karibu, na chini ya kifungu cha 22 cha Katiba mtu yeyote, hata chama kwa niaba ya wanachama wake, anaweza kufungua kesi ya kutetea haki iliyovunjwa.

Makala haya ni mwongozo wa jumla. Mwenye kesi mkononi amwone wakili na hati zake zote. Wengine wote, anzeni daftari la mbegu wiki hii, kabla mvua haijamaliza muda wa kuandika.