Bei, Kazi na Deni: Somo la Hesabu ya Nyumbani

Biashara ya nchi inapodorora, mambo matatu humjia mwenye mshahara mdogo kwa pamoja: kazi hupungua, bei za vitu hupanda, na madeni huongezeka. Watu wengi huyaona kuwa ni misiba mitatu mbalimbali. Kwa kweli yameshikana kama pete za mnyororo mmoja, na mwenye kuelewa jinsi yalivyoshikana aweza kuukata mnyororo huo mapema. Somo hili laeleza habari hiyo kwa mfano wa Nairobi, hasa upande wa Westlands na Kangemi, kutoka mwaka 2020 hata mwaka 2022.

Kazi kupungua

Ugonjwa wa Korona ulithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwezi wa Machi, 2020. Tarehe 27 ya mwezi huo amri ya kutotoka nje usiku ilianza, na kutoka tarehe 6 Aprili hata mapema Julai watu walizuiliwa kuingia Nairobi au kutoka. Westlands ni mtaa wa hoteli, maofisi, maduka makubwa na mahali pa starehe za usiku. Milango hiyo ilipofungwa, wapishi, wahudumu, askari wa zamu na madereva walirudishwa nyumbani, wengine bila mshahara, wengine kwa mshahara uliopunguzwa. Wengi wa watu hao hukaa Kangemi na mitaa mingine yenye kodi nafuu. Kwa hesabu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, kazi zaidi ya 700,000 zilipotea nchini mwaka huo, bila kuhesabu wakulima wadogo na wafugaji.

Bei kupanda

Kabla watu hawajapata nafuu, bei zikapanda. Mvua zilikosekana kwa misimu kadhaa, na vita vya Ukraine, vilivyochacha Februari 2022, viliongeza bei ya ngano, mafuta na mbolea ulimwenguni. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilizidi shilingi 200, hata Serikali ikaamuru iuzwe kwa shilingi 100 kwa muda. Mwezi wa Oktoba mfumuko wa bei ulifika 9.6 kwa mia. Maana yake ni hii: vitu ambavyo mwaka mmoja nyuma vilinunuliwa kwa shilingi 100, sasa vilihitaji karibu shilingi 110. Noti ni ile ile, lakini nguvu yake ya kununua imepungua.

Deni kuingia

Sasa na tutwae mfano wa mtu mwenye mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi, ambao wote huishia katika kodi ya nyumba, chakula, nauli na karo. Gharama hizo zikiongezeka kwa 9.6 kwa mia, atahitaji shilingi 16,440. Basi pana pengo la shilingi 1,440 kila mwezi.

Zamani mtu kama huyo angemwendea mwenye duka au ndugu yake. Lakini mwezi wa Novemba 2012 Safaricom, ambayo makao yake makuu yako Waiyaki Way papo hapo Westlands, ilianzisha M-Shwari pamoja na Commercial Bank of Africa, na watu wakaanza kukopa kwa simu, bila kuweka rehani, kwa muda wa dakika chache. Ada yake ilipoanza ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Makampuni mengine yalifuata, na baadhi yake yalitoza zaidi.

Ada hiyo yaonekana ndogo. Msomaji na achukue kalamu ahesabu:

Mwezi wa kwanza akopa 1,440. Ada ni 108. Atalipa 1,548.

Mwezi wa pili pengo la 1,440 lipo tena, na deni la 1,548 lataka kulipwa. Akopa 2,988. Ada ni 224. Atalipa 3,212.

Mwezi wa tatu pengo ni lile lile, na deni ni 3,212. Akopa 4,652. Ada ni 349. Atalipa 5,001.

Kwa miezi mitatu tu, theluthi ya mshahara wake imekwisha kuwa mali ya mdai, ingawa bei hazikupanda tena, naye hakununua anasa yoyote. Hapo ndipo wahenga waliposema kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga.

Mambo hayo yaliwapata watu wengi sana. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza angalau nusu ya madeni ya simu ya watu zaidi ya milioni 4.2, ambao majina yao yalikuwa yameandikwa katika ofisi za kumbukumbu za wakopaji, ziitwazo CRB. Jumla ya madeni hayo ilikuwa karibu shilingi bilioni 30. Ukigawanya, kila mmoja alidaiwa kama shilingi 7,000. Kwa kiasi hicho jina la mtu liliharibika, na mlango wa mkopo mkubwa wa kujenga au kufanya biashara ukafungwa.

Lifaalo kufanywa

Jambo la kukumbuka ni moja: mkopo wafaa kwa pengo linalokuja mara moja, au kwa kazi itakayoleta fedha. Pengo linalorudi kila mwezi haliwezi kuzibwa kwa mkopo. Lazima matumizi yapunguzwe, au pato liongezwe, hata ikiwa ni kuhamia nyumba ya kodi ndogo. Uamuzi huo ni mchungu, lakini ni mwepesi zaidi mwezi wa kwanza kuliko mwezi wa tatu.

Aliyekwisha kunaswa na aache kukopa hapa ili alipe pale. Amwendee mdai kabla ya siku ya kulipa, aombe kulipa kidogo kidogo. Mwanachama wa Sacco aulize huko kwanza, kwa maana Sacco nyingi hutoza kama 1 kwa mia kwa mwezi, kwa deni lililobaki tu.

Tena yafaa kila mfanyakazi ajue haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili. Na anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, au kuwapigia jamaa na rafiki zake ili kumwaibisha.

Zoezi

Mtu akopa shilingi 4,000 kwa ada ya 7.5 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi hulipa, kisha akakopa tena zile 4,000. Baada ya miezi 12 amelipa ada kiasi gani, na deni limepungua kwa kiasi gani?

Jibu: Amelipa ada ya shilingi 3,600, na deni halikupungua hata senti moja.