Mlima Una Msimu wa Kuteremka

Somo: Luka 9:28–43



Kabla sijaitwa katika huduma, nilifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi. Kila asubuhi, kabla hajauza hata msumari mmoja, aliwasha taa ndogo ya mafuta na udi, akasimama kimya mbele ya picha za miungu yake. Mimi niliyeokoka nilikuwa nacheka nyuma ya mabati. Lakini niseme ukweli: asubuhi nyingi nilifika kazini bila kuomba hata dakika tano.

Mwaka mmoja mzee alisafiri hadi Kedarnath, kaskazini mwa India, katika milima ya Himalaya. Huko kuna hekalu la Shiva lililojengwa kwa mawe, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Gaurikund, ambapo njia ya miguu huanzia, ni kupanda kilomita zipatazo 16. Wengine hupanda kwa miguu, wengine kwa farasi au nyumbu, na wasiojiweza hubebwa na wapagazi. Kedarnath ni mojawapo ya mahali pane patakatifu katika milima hiyo. Pengine ni Badrinath, Gangotri na Yamunotri. Juni 2013 mafuriko yaliua maelfu ya watu katika mabonde hayo, na bado mahujaji walirudi.

Huko pia kuna masadhu, watu walioacha nyumba, mali na jamaa ili wamtafute Mungu. Wengine huvaa nguo za rangi ya zafarani, wengine hujipaka majivu mwilini. Hula wanachopewa. Karibu na Gangotri wapo waliokaa mapangoni kwa miaka. Na baadhi yao, wanapoweka nadhiri, hujifanyia ibada ya mazishi wakiwa hai, kuonyesha kwamba yule mtu wa zamani amekufa kwa dunia.

Hatukubaliani nao kuhusu anayestahili kuabudiwa. Lakini jamani, tusiwacheke. Mtu anayepanda kilomita 16 kwenye baridi kutafuta uso wa Mungu ananiaibisha mimi ninayeshindwa kuamka saa kumi na moja.

Basi nami nikaona wivu. Nikasema, kama Mhindi amepanda, mimi nitapanda zaidi. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mlima wa maombi kufunga siku saba. Simu nikaizima. Nyumbani nilimwacha mke wangu na mtoto wa miezi minane.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na nimonia. Mke wangu alinipigia usiku kucha. Jirani, mama asiyeenda kanisa lolote, ndiye aliyetafuta gari na kuwapeleka hospitali. Mimi nilishuka siku ya saba nikiwa na ushuhuda mdomoni, nikakuta mlango una kufuli. Nilipofika wadini mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, Mungu alikuwa huku pia."

Mtoto alipona, sifa kwa Bwana. Lakini neno hilo halijaniacha.

Niliporudi kazini mzee aliniuliza habari za mtoto. Nikamweleza yote. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kijana, hata mlima wetu hufungwa." Kumbe hekalu la Kedarnath hufunguliwa Aprili au Mei, na baada tu ya Diwali milango hufungwa kwa sababu ya theluji. Makuhani huibeba sanamu ya Shiva kwa machela hadi Ukhimath, chini bondeni, na ibada huendelea huko miezi yote ya baridi. Wenye nyumba na maduka nao hurudi kwao. "Nilipanda," akasema mzee, "halafu nikarudi kuuza misumari."

Hebu sasa tufungue Luka 9. Yesu alipanda mlimani kuomba na wanafunzi watatu. Utukufu ulipotokea, Petro alitaka wajenge vibanda vitatu wabaki huko. Lakini kesho yake walishuka, na katika umati uliokutana nao kule chini alikuwamo baba anayelia kwa ajili ya mwanawe wa pekee. Maombi ya mlimani yalikuwa yamepata kazi yake. Petro angejengewa vibanda vyake, yule baba angelia na nani?

Sisi tunasema tulikufa pamoja na Kristo (Warumi 6). Amina. Lakini tulikufa kwa dhambi. Hatukufa kwa wake zetu na watoto wetu. Asiyewatunza wa nyumbani mwake, Paulo ana neno kali juu yake katika 1 Timotheo 5:8. Lisome leo ukiwa na mwenzako.

Mpendwa, panda. Funga, kesha, tafuta uso wa Bwana. Ila kabla ya kupanda, kubaliana na wa nyumbani, acha chakula na pesa ya dawa, na simu iwe kwa mtu anayeweza kukufikia. Ukishuka, uliza kwanza ni nani anayelia.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Ni nani wa imani nyingine ambaye bidii yake imekuonya?
2. Je, kuna jukumu ambalo unalikimbia kwa jina la maombi?

Tuombe: Bwana, tupe hamu ya kupanda na moyo wa kuteremka. Amina.