MOYO WA MWANAMICHEZO HUULIZWAJE? FUNZO KUTOKA WIKWEMIKONG

Muhula wa kwanza nilijitwika kazi ya kuandikia jarida hili makala kuhusu wasiwasi unaowapata wakimbiaji wetu wa mbio za nyika. Nikatunga hojaji yenye maswali 15, nikampa kila mkimbiaji nakala yake, wote 14. Majibu yakaja: "Ndiyo." "La." "Sijui." Mmoja aliandika "Uliza mwalimu" kwenye kila nafasi, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Nikaenda kulalamika kwa mwalimu mlezi wa chama.

"Ulipokuwa ukiwagawia hizo karatasi, wao walikuwa wakifanya nini?" akauliza.

"Walikuwa kwenye foleni ya githeri, Mwalimu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kijana, nenda kasome habari za Wikwemikong, kisha urudi."

Nilikwenda, nikasoma, na niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza tuelewane kuhusu saikolojia ya michezo. Ni elimu inayochunguza fikira na hisia za mwanamichezo: hofu kabla ya mashindano, hamu ya kushinda, kuvunjika moyo. Wataalamu wake humfundisha mtu kujiwekea malengo, kutuliza pumzi, kuiona mbio akilini kabla ya kuikimbia na kusema na nafsi yake. Ni mafunzo mazuri. Tatizo ni kwamba mengi yalitungwa kwa kuwachunguza vijana wa Ulaya na Marekani, na yanamchukulia mwanamichezo kama mtu aliyesimama peke yake, ushindi ni wake na hasara ni yake. Je, na yule ambaye ushindi wake ni wa kijiji kizima?

Nchini Kanada waliishi watu wengi kabla ya Wazungu kufika, na vizazi vyao wapo hadi leo. Mmoja wao alikuwa Tom Longboat, Mwonondaga kutoka Six Nations, jimboni Ontario. Mwaka 1907 alishinda mbio za Boston Marathon kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 24, akaivunja rekodi kwa karibu dakika tano. (Njia ya wakati huo ilikuwa fupi kidogo kuliko marathoni ya leo, kwa hiyo usianze kulinganisha na kina Kipchoge.) Licha ya ushindi huo, magazeti yalimwita mvivu. Kisa na maana? Siku moja alikimbia kwa nguvu, siku nyingine akatembea tu mwendo mrefu, polepole. Leo makocha wengi huwapangia wakimbiaji wao siku ngumu na siku nyepesi vivyo hivyo! Walimwandika sana Longboat, lakini ni kama hakuna aliyemuuliza kwa nini alifanya vile akiwa tayari kusikiliza jibu.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Kati ya miaka ya 1942 na 1952, watafiti waliotumwa na serikali ya Kanada walifanya majaribio ya lishe katika jamii za wenyeji hao asilia na katika shule za bweni walikopelekwa watoto wao. Watoto wenye njaa waliachwa na njaa yao ili ipimwe. Wazazi hawakuombwa ruhusa. Habari hizi zilijulikana sana mwaka 2013, mwanahistoria Ian Mosby alipozichapisha. Sasa fikiria wewe ni mjukuu wa mmoja wa watoto hao, halafu mgeni wa chuo kikuu anabisha hodi, kalamu mkononi, anataka kujua hisia zako. Utamjibu nini? Mimi naona "Uliza mwalimu" ni jibu la adabu kabisa.

Hapo ndipo tunafika Wikwemikong. Ni jamii ya Waanishinaabe katika kisiwa cha Manitoulin, ndani ya Ziwa Huron. Kisiwa hicho ni kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo katika ziwa la maji yasiyo ya chumvi. Mahali pao huitwa rizavu, neno ambalo babu zetu walilijua vizuri wakati wa ukoloni. Lakini mwaka 1862, serikali ilipotaka watie sahihi mkataba wa kuitoa ardhi yao, watu wa Wikwemikong walikataa katakata, na mpaka leo hawajaitoa.

Robert Schinke ni mtaalamu wa saikolojia ya michezo wa Chuo Kikuu cha Laurentian, mjini Sudbury, ambaye amewahi kufanya kazi na timu ya taifa ya ndondi ya Kanada. Yeye na wenzake walianza kwa njia ya kawaida, wakawahoji wanamichezo 23 wa kiwango cha juu wenye asili ya wenyeji hao. Mwaka 2006 walichapisha waliyoyaona: wanamichezo hao hujibadilisha wenyewe ili wayaweze maisha ya timu za nje, na pia hujitahidi kuyabadilisha mazingira ya timu ili yawafae wao. Hilo la pili lilinishangaza, kwa sababu sisi tumezoea kuambiwa kwamba mgeni ndiye wa kubadilika.

Walipotaka kufanya kazi na Wikwemikong yenyewe, wakijiuliza vijana wa pale wavutwe vipi michezoni na wabaki humo, ilibidi mambo yageuke. Wenyeji waliingia katika utafiti kama watafiti. Mmoja wao, Duke Peltier, baadaye alikuja kuwa chifu wa jamii hiyo. Mahali pa kumketisha mtu mmoja mbele ya kinasa sauti, walitumia duara la mazungumzo. Watu huketi mviringo, na anayeshika kitu maalumu, kama vile unyoya wa tai, ndiye anayesema. Wengine hunyamaza mpaka amalize, hata akikaa kimya kwanza. Hakuna kudakia neno. Kisha wenyeji wakashiriki kuyapanga na kuyaeleza yaliyosemwa, maana ndio waliojua neno fulani lina uzito gani.

Baadaye, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, vijana waliohama nyumbani kwenda kucheza mijini waliombwa kuchora. Kila mmoja alichora ndani ya duara maisha yake ya kuhama, ndipo akaulizwa aieleze picha yake. Yakatoka mambo ambayo swali la moja kwa moja lisingeyatoa: upweke, kuishi katika dunia mbili, kuwakumbuka jamaa.

Usidhani basi kwamba kila kitu kilifaulu. Miaka ya 2009 na 2010, vijana 73 wa Wikwemikong walipelekwa safari ya mitumbwi ya siku 10, safari iliyobuniwa pamoja na jamii yao ili kuwajenga moyo wa ustahimilivu. Mwezi mmoja baadaye walipimwa, wakaonekana wamepanda. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudi karibu pale walipoanzia. Nawapenda watafiti hawa kwa kuliandika hilo waziwazi. Siku 10 ziwani si mwaka mzima nyumbani.

Hata kwetu watafiti wamefika. Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia waliwapima wakimbiaji wetu hapa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1995. Walipima pumzi, misuli na damu. Sina ugomvi nao, lakini chombo cha kupima pumzi hakiwezi kukwambia mtu anakimbia akimbeba nani.

Nilirudi kwa wakimbiaji wetu, safari hii bila karatasi. Jumamosi moja baada ya mazoezi tuliketi chini ya mti nyuma ya bwalo, tukapitisha chupa ya maji. Aliyeishika ndiye aliyesema. Tulikaa kimya muda mrefu hata nikataka kuanza utani. Kisha kijana mmoja wa Kidato cha Pili akaishika chupa, akaitazama, akasema kijijini kwao walichanga pesa kumnunulia viatu vya kukimbilia. Kwenye mashindano ya kaunti alimaliza wa 31. Likizo fupi ilipofika, hakwenda kwao. Alishukia kwa shangazi yake mjini, kwa sababu njia ya nyumbani inapita mbele ya duka la mzee aliyetoa mchango wa kwanza. Akampa mwenzake chupa. Huyo naye hakusema wasiwasi wala nini, alisema tu, "Hata mimi."

Hakuna swali katika yale yangu 15 lililohusu viatu wala duka.

Mwalimu wa michezo sasa ametupa nusu saa kila Jumamosi, na yule kijana ameomba wiki ijayo aje na mjomba wake, ambaye zamani alikuwa mkimbiaji. Zile hojaji ningali nazo dawatini. Nyuma ni nyeupe, nazitumia kufanyia hesabu.