SOMO LA CHAKULA: KUVU YA MKATE NA KUVU YA MAHINDI

Mama wa Chwele akinunua mkate siku ya soko ili watoto wanywee chai, huenda siku ya nne akaukuta umefanya madoa ya kijani au meusi. Watu wengi hulikwangua doa kwa kisu, wakaula uliosalia, kwa kuwa kutupa chakula kwaumiza moyo. Katika somo hili twataka kueleza doa lile ni kitu gani, latoka wapi, na lazuiwaje. Kisha tutaonyesha jinsi jambo lionekanalo dogo katika mkate liwezavyo kuwa jambo la uhai na mauti katika ghala la mahindi.

Kuvu ni nini?

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu, ni kiumbe hai. Si mmea, maana haina majani ya kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Yaishi kwa kula vitu vilivyotengenezwa na viumbe wengine. Huanza kwa chembe ndogo mno, mfano wa mbegu, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo zimo hewani, mezani, katika vitambaa na mikononi mwetu.

Chembe ikianguka juu ya mkate wenye unyevu, mahali penye joto la kadiri, huchipua na kutoa nyuzi nyembamba zipenyazo ndani ya mkate kama mizizi. Nyuzi hizo huyeyusha wanga wa mkate na kuufyonza. Baada ya siku chache kuvu huzaa chembe mpya kwa maelfu, na ile rangi tuionayo ni rangi ya chembe hizo. Basi doa linapoonekana, nyuzi zimekwisha kuenea ndani. Kukwangua doa ni sawa na kufyeka magugu na kuiacha mizizi shambani.

Jinsi ya kuuhifadhi mkate

Moto wa tanuri huziua chembe zilizomo katika unga. Mkate hupata chembe nyingine baada ya kutoka motoni, wakati wa kupoa, kukatwa na kufungwa. Zaidi ya theluthi ya uzito wa mkate ni maji, nayo yaitosha kuvu. Kwa hiyo yafaa kufanya hivi:

1. Mkate uliookwa nyumbani upoe kabisa kabla ya kufungwa. Ukifungwa ungali moto hutoa jasho ndani ya karatasi, na jasho hilo ndilo kinywaji cha kuvu.

2. Kisu, ubao na mikono viwe safi na vikavu. Kata vipande vya kuliwa siku ile tu.

3. Weka mkate mahali pakavu penye ubaridi, mbali na meko na birika lenye mvuke. Chombo cha mkate kioshwe na kuanikwa juani kila juma, na makombo ya kale yasibaki ndani.

4. Mwenye jokofu ajue kwamba baridi huichelewesha kuvu tu, wala haiiui.

5. Mkate ukiota kuvu, usiunuse wala usiuchome upya ili ule. Utupe wote, kisha ukisafishe chombo chake.

Ni kweli kwamba si kila kuvu ni adui. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona kuvu imewaua vijidudu vya maradhi katika kisahani chake, na kutokana na hiyo ikapatikana dawa ya penisilini. Lakini mtu asidhani kwamba kula mkate ulioota kuvu ni kula dawa. Kuna kuvu nyingi, na baadhi yake hutoa sumu.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa chakula chenye njugu zilizoota kuvu. Ndipo wataalamu walipoigundua sumu ambayo leo twaiita sumukuvu. Kuvu iitoayo huota pia katika mahindi yasiyokauka.

Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Sumu hii huliharibu ini. Mgonjwa huweza kutapika, kuvimba tumbo na kuwa na macho ya manjano. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huenda akapata saratani ya ini. Kuchemsha, kusaga au kupika pombe hakutoshi kuiondoa. Wala mahindi mabovu asipewe ng'ombe, maana sumu hupita katika maziwa hata ikamfikia mtoto.

Sisi wa Chwele, Bungoma na Kitale twategemea mahindi, na mvua huweza kutukuta wakati wa mavuno. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na yafunikwe kabla ya mvua. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi zichaguliwe na kutengwa. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi ya kuwekwa ghalani yasiwe na unyevu kupita sehemu 13.5 katika 100.

Asiye na kipimo ajaribu hivi: atie punje katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, aitikise vizuri, kisha aiache kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Isiponata, yamekaribia kufaa. Hata hivyo yafaa yapimwe kwa kipimo cha unyevu kabla ya kuwekwa kwa muda mrefu.

Mkate mmoja ukitupwa, hasara ni ya siku moja. Ghala likiingia kuvu, hasara ni ya mwaka mzima, na huenda ikawa ya maisha. Heri kuanika leo kuliko kulia kesho.