SOMO LA ROVU: CHUMVI, MIHOGO NA MTOTO ALIYE TUMBONI

Keti vizuri, mpe mtoto ziwa kama analia, na tusome pamoja. Kama mwenzako hajui kusoma, msomee. Kama wewe hujui, mwombe binti yako akusomee jioni karibu na moto.

Somo la leo ni juu ya rovu. Wanaosema Kinyarwanda wanaliita umwingo. Ni ule uvimbe wa mbele ya shingo ambao tunauona kwa watu wengi wa milimani, na zaidi kwa wanawake. Mara nyingi hauumi. Kwa hiyo watu wanauzoea, na wengine wanasema ni pambo la shingo tu.

Siku moja mama mmoja alikuja kupimwa mimba. Ilikuwa mimba yake ya tano, na shingoni alikuwa na rovu kubwa. Mtoto wake wa tatu hasikii na hasemi, na alianza kutembea akiwa na miaka minne. Ndugu za bwana wake walisema ameleta laana toka kwa ukoo wake. Wenzake walipokwisha kutoka, alinikaribia akauliza kwa sauti ndogo: "Mama muuguzi, na huyu wa tumbo, naye atakuwa vile?"

Nataka somo hili lijibu ulizo lake, kwa sababu si yeye peke yake anayeliuliza.

ROVU LINATOKA WAPI?

Mbele ya koo kila mtu ana tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza maji fulani yanayoingia katika damu. Maji hayo yanaamuru mwili ukue, upate joto na nguvu, na ubongo ujengwe vizuri. Ili kuyatengeneza, tezi inahitaji madini yanayoitwa yodi. Watanzania wanayaita madini joto.

Yodi inayohitajiwa ni kidogo sana. Ile ya maisha yote ya mtu mmoja inaweza kuingia katika kijiko kidogo cha chai. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka mingi. Inafaa tuipate kila siku, kidogo kidogo.

Yodi iko nyingi baharini, lakini sisi tunaishi mbali na bahari. Mvua ya miaka na miaka imeosha udongo wa milima yetu na kupeleka yodi mtoni, toka mtoni mpaka baharini. Basi maharagi yetu, mahindi yetu, viazi vyetu, hata maziwa ya ng'ombe wetu, ni vyakula vizuri, lakini yodi yake ni kidogo, kwa sababu mmea hauwezi kutoa kitu ambacho udongo hauna.

Tezi ikikosa yodi inajikaza kufanya kazi. Inajikaza, inavimba. Hilo ndilo rovu. Ni tezi yenye njaa.

MUGANGA ALIYEKUJA IDJWI

Labda unasema: "Lakini kijiji kimoja kina rovu nyingi, na cha jirani hakina. Mvua si ni moja?" Umeuliza vizuri. Muganga mmoja aliuliza vilevile, na jibu alilipata hapa hapa kwetu, katika ziwa Kivu.

Jina lake ni François Delange, Mbelgiji. Katika miaka ya 1960 alikuwa bado kijana, akifanya kazi pamoja na watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu. Walikwenda katika kisiwa cha Idjwi, wakapita vijijini, wakashika shingo za watu moja moja kwa vidole, na wakapima yodi katika mkojo.

Waliona jambo la kushangaza. Kaskazini ya kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, walikuwa wachache sana. Lakini yodi ilikosekana sawasawa pande zote mbili! Basi yodi peke yake haikueleza tofauti ile. Kulikuwa na kitu kingine.

Delange na mwenzake Ermans walitazama sahani za watu. Waliona mihogo. Waliwapa watu mihogo ya kaskazini wale, kisha wakapima tezi zao. Tezi zilishika yodi kidogo kuliko mbele. Habari hiyo waliitangaza mwaka wa 1971.

Sababu ni hii. Mihogo, zaidi ile michungu, ina sumu ndani. Tukiitengeneza vizuri, sumu inatoka. Tukiitengeneza vibaya, inabaki. Mwili unajitetea kwa kuigeuza kuwa kitu kingine kisicho kikali, lakini kitu hicho kinafunga mlango wa tezi, na yodi haiingii. Mtu mwenye yodi ya kutosha haumizwi sana na jambo hilo. Lakini mwenye yodi kidogo anapoteza hata ile kidogo.

Mama, sikiliza vizuri: sisemi uache mihogo. Mihogo imeokoa watoto wetu katika miaka ya njaa na ya kukimbia vita. Nasema tuitengeneze vizuri, na tusiiache peke yake katika sahani.

ANAYEUMIA ZAIDI NI NANI?

Rovu tunaliona shingoni mwa mama. Lakini hasara kubwa hatuioni kwa macho, kwa maana inafanyika tumboni.

Mtoto aliye tumboni anajengwa ubongo. Katika miezi ya kwanza tezi yake bado haifanyi kazi, anategemea ile ya mama yake. Mama akikosa yodi sana, mimba inaweza kutoka, au mtoto anaweza kuzaliwa amekufa. Mwingine anazaliwa mzima, lakini baadaye tunaona hasikii, hasemi, hakui, miguu ni mizito, akili ni nzito. Na kuna wengine wengi ambao hakuna anayewatambua: wanatembea, wanasema, wanacheza, lakini shuleni wanashindwa. Mwalimu anasema ni wavivu, na kumbe si uvivu.

Delange na wenzake waliendelea na kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 waganga walifanya kazi kubwa katika Ubangi, kaskazini-magharibi ya Kongo, pahali ambapo rovu na watoto wa namna hiyo walikuwa wengi sana. Muganga Thilly na wenzake waliwapa mama wenye mimba sindano ya mafuta yenye yodi. Watoto wa mama hao walizaliwa na uzito mzuri zaidi. Mwaka wa 1980 Ermans, Mbulamoko, Delange na mwenzao mmoja walitoa kitabu juu ya mihogo na rovu. Hivi ulimwengu mzima ulijifunza kwa shida ya mama wa Kongo.

Kwao Brussels, Delange alifanya kazi katika idara ya watoto ya lopitali, na alisaidia kupima tezi za watoto wachanga kwa matone ya damu. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walitembeza gari la kupimia katika mashule ya nchi nyingi za Ulaya, na hata huko waliona watoto wanaokosa yodi. Kwa hiyo usione haya. Rovu si alama ya watu masikini wala ya ukoo mbaya. Delange alikufa mwaka wa 2007, amefanya kazi hiyo moja zaidi ya miaka 40.

JE, CHUMVI INATOSHA?

Sindano ni nzuri, lakini nani atampiga kila mtu sindano kila wakati? Inafaa njia ambayo inaingia katika kila nyumba, ya tajiri na ya masikini. Njia hiyo ni chumvi.

Ushuhuda mzuri ulitoka India. Huko, chini ya milima mirefu ya Himalaya, kuna bonde la Kangra, na watu wake walikuwa na rovu sawa sisi. Mwaka wa 1956 muganga Ramalingaswami na wenzake walianza kujaribu. Waligawa bonde sehemu tatu. Sehemu mbili zilipata chumvi iliyotiwa yodi, ya tatu chumvi ya kawaida. Miaka ilipopita, rovu lilipungua sana katika zile sehemu mbili. Katika ile ya tatu lilibaki. Ndipo nayo ikapewa chumvi yenye yodi, na rovu likapungua vilevile. Maji hayakubadilika, mlima haukuhama, ukoo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni chumvi.

KAZI YAKO NYUMBANI

Juu ya chumvi:

1. Nunua chumvi yenye yodi. Kwenye pakiti tafuta neno IODÉ au IODISED. Kama unanunua kwa kipimo sokoni, mwombe muuzaji akuonyeshe gunia. Usiogope kuuliza, feza ni yako.

2. Chumvi ya ng'ombe iache kwa ng'ombe. Mara nyingi haina yodi.

3. Iweke katika kopo lenye kifuniko, pahali pakavu, mbali na jua na moshi. Chumvi iliyo wazi juu ya mafiga inapoteza yodi yake.

4. Usiioshe. Ukiosha chumvi ili iwe nyeupe, unamwaga yodi pamoja na maji.

5. Itie chakula kikikaribia kuiva.

6. Usiongeze chumvi eti upate yodi zaidi. Chumvi nyingi inaleta ugonjwa wa damu kupanda. Kipimo chako cha kila siku kinatosha, mradi iwe chumvi nzuri.

Juu ya mihogo:

1. Mihogo michungu imenye, uiloweke katika maji siku tatu kamili mpaka ilainike. Kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo uisage.

2. Najua wakati wa kukimbia, na wakati wa njaa, watu wanaloweka siku moja tu, sababu watoto wanalia. Nakuelewa. Lakini ukiweza, loweka mingine leo, mingine kesho, ili kila siku uwe na iliyokwisha kuiva majini.

3. Usimpe mtoto mihogo mibichi atafune.

4. Sombe itwange vizuri na uichemshe sana bila kuifunika mwanzoni.

5. Bugali ya mihogo iende na maharagi, sambaza, mayai, au maziwa. Mwili unahitaji vyakula hivyo ili uishinde ile sumu.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinywe dawa ya kidonda yenye yodi, wala kuitia katika chakula. Hiyo ni ya ngozi tu. Usikubali mtu achanje rovu au alichome. Hapo pana mishipa mikubwa ya damu, na mtu anaweza kufa. Kama rovu linazuia kumeza au kupumua, au linakua haraka, njoo lopitali bila kukawia. Rovu kubwa la zamani haliondoki kwa chumvi peke yake, na muganga anapaswa kuliona.

Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wanahitaji yodi kuliko watu wengine, kwa maana wanakula kwa ajili ya wawili. Yodi inapita katika maziwa ya mama. Basi mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Hana haja ya chumvi, yodi yake anaipata kwako.

JIBU LA YULE MAMA

Nilimwambia yule mama ukweli. Mtoto wake wa tatu, chumvi haitamrudishia masikio. Ubongo ukikosa yodi tumboni, hatuwezi kuujenga upya baadaye. Lakini anaweza kupendwa, kufundishwa kazi, na kutofichwa nyumbani. Na tena nilimwambia: "Si laana, na haukumkosea mtu. Ulikosa kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na hakuna aliyekuambia."

Juu ya yule wa tumbo, sikumwahidi, kwa maana mimi si Mungu. Nilimpeleka kwa muganga siku ile ile, na tulisema juu ya chumvi yake na mihogo yake. Jambo nililoweza kumwambia bila kusita ni hili: kila mwezi wa mimba wenye yodi ni msaada kwa mtoto, na ni vizuri zaidi kuanza mbele ya mimba. Kwa hiyo binti yako ambaye hajaolewa, naye ale chumvi hii tangu leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika kijiji chako watu wanasema rovu linatoka wapi? Sasa utawajibu namna gani?

2. Kwa nini watu wa kaskazini ya Idjwi walikuwa na rovu nyingi kuliko wa kusini-magharibi, na yodi yao ni kidogo sawasawa?

3. Kwenu mihogo inaloweshwa siku ngapi? Ni kitu gani kinazuia zifike tatu?

4. Chumvi yako iko wapi jikoni? Ina kifuniko?

Ukirudi kliniki, uliza muuguzi kama ana dawa ya kupima chumvi, na ulete yako kidogo ndani ya karatasi safi. Anatia matone juu yake. Ikigeuka bluu au zambarau, yodi iko. Isipogeuka, utajua ununue ingine. Mlete na jirani yako pamoja na chumvi yake.